Kwa Nini Julai ni Kijivu

Wanangu hunicheka kwa sababu kila Julai, baridi ikishuka Syokimau na madirisha ya ghorofa yetu yakitoka jasho, mimi hutoa sweta yangu ya kijivu na kuivaa mwezi mzima. Binti yangu ninayeishi naye aliwahi kuninunulia nyekundu, akasema hii inanizeesha. Mjukuu wangu, anayeniita susu, yaani bibi kwa Kikamba, husema susu anapenda kufanana na mawingu. Huwa nawaacha waseme. Lakini Julai iliyopita nilipigiwa simu asubuhi na mwanamke ninayemjua tangu hajazaliwa, akaniambia, "Mama mdogo, mama ametutoka." Nilipofika Machakos mjini walikuwa wameshamzika, maana wao ni Waislamu, maiti hawamcheleweshi. Nikakaa mkekani katikati ya wanawake ambao wengi wao sikuwajua, mimi mama mzee wa Kikamba, mtandio nimeufunga vibaya, sweta ya kijivu mwilini. Msichana mmoja aliyekuwa akipitisha kahawa akapiga magoti mbele yangu, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, wewe ulimjuaje nyanya yetu?" Nikamjibu, "Tulikuwa majirani." Akanishukuru, akaendelea na kahawa yake. Sikumdanganya, lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni ile nilijua nimempa jibu la mtu asiyetaka kusema. Jibu kamili linataka mwaka mzima, na chumba kimoja.

Habari za wazazi wangu na shamba letu la Kalama sitazisimulia hapa. Zilinifikisha kwenye mlango wa chumba hicho, zikaishia hapo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimemaliza, nafasi ya chuo cha ualimu nilikuwa nimepata, na mgongo ulioanza kuniuma kama mchezo ulikuwa umefika mahali ambapo kijiko kikianguka nasubiri mtu aje aniokotee. Hospitalini walisema ni kifua kikuu. Shangazi yangu Kamene, aliyenipeleka, alibishana nao, akasema huyu msichana hajakohoa hata siku moja. Daktari akamweleza kwamba ugonjwa huo hupenda mifupa pia, na kwamba wangu umekaa kwenye uti wa mgongo. Dawa yake ilikuwa sindano ya paja kila siku, na kulala chali bila kuinuka, nimefungwa plasta kuanzia makwapani hadi nyonga. Niliuliza ni kwa muda gani. "Mpaka mfupa ushikane," daktari alisema. "Mwaka. Pengine zaidi." Nikauliza kama chuo kitaningoja. Akamtazama shangazi badala ya kunitazama mimi, nikajua.

Kitanda cha hospitali kwa mwaka mzima hakikupatikana, na Kalama ni mbali na sindano, kwa hiyo shangazi akanichukua. Alikuwa mjane, akiuza nafaka sokoni, na nyumba yake ilikuwa katika mtaa wa zamani nyuma ya msikiti, mahali ambapo nyumba zimebanana hadi ukuta wa huyu unasikia kikohozi cha yule. Alinipa chumba cha stoo. Magunia ya maharagwe, kunde na mbaazi yalipangwa hadi darini upande mmoja; upande wa pili, chini ya dirisha, aliweka kitanda changu, na badala ya chaga za kamba akatandika mbao ili mgongo usilegee. Ukiingia ulinusa vumbi la nafaka, mafuta ya taa na dawa. Dirisha lilikuwa na vyuma, na nyuma yake palikuwa na kichochoro chembamba cha kupitisha maji machafu, halafu dirisha la jirani, nalo lina vyuma. Mimi hayo yote sikuyaona. Nilichoona ni dari: mabati yenye kutu na boriti moja iliyoliwa na mchwa. Baada ya majuma kadhaa shangazi alinihurumia, akachukua kioo cha kunyolea ndevu cha marehemu mumewe, akakifunga kwa waya kwenye chuma cha dirisha, akakiinamisha mpaka niliposema basi. Ndani ya kioo hicho, kilichotosha kiganja, nikapata dirisha la jirani, kipande cha bati lake, na juu kabisa, hewa ikiwa safi, bega la kilima cha Iveti.

Watu huniuliza, nikiwasimulia kidogo, kama maumivu yalikuwa makali. Maumivu yaliisha mapema. Kilichobaki ni kulishwa. Shangazi alikuwa akinigeuza kichwa upande, akinitilia muthokoi mdomoni kwa kijiko, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na punje zikianguka ziliingia shingoni ndani ya plasta, zikaniwasha siku mbili bila njia ya kujikuna. Uji nilinyonya kwa mrija. Haja zangu alizibeba kwa beseni, amefunika kwa gazeti, akipita mbele ya wageni kana kwamba amebeba maji ya kuoshea vyombo. Na kilichobaki kingine ni kusikia. Kati yangu na sebule palikuwa na ubao tu, na akina mama wa kanisa waliokuja kuniombea walikaa baadaye wakinywa chai na kuzungumza juu yangu kwa sauti ambayo wao waliiona ya chini.

"Na huyu kweli ataolewa?"

"Nyamaza, anasikia."

"Si amelala?"

"Mtu amelala chali mchana kutwa, utajuaje hii saa amelala na hii saa hajalala?"

Wakiondoka shangazi aliingia, akasimama mlangoni. "Wewe usisikilize hao," alisema. "Iko siku utatembea, na wao watakuwa bado wamekaa hapo wanakunywa chai yangu." Nilicheka ili afurahi. Akitoka niliitazama ile boriti. Sikuwa nikilia, plasta ilikuwa imenibana kifua, na kulia kunataka nafasi.

Mwishoni mwa Juni akafa mtu nyumba ya jirani. Nilijua kabla ya kuambiwa, kwa sababu harufu ya mahamri, iliyokuwa ikinijia kila asubuhi kutoka ng'ambo ya kichochoro, siku hiyo haikuja. Zikaja sauti za wanawake, halafu sauti za wanaume wakisoma. Shangazi akaleta habari: ni Twaha, mtoto wa pili wa Mama Salim, kijana aliyekuwa na duka la vitambaa, homa imemchukua kwa siku chache tu. Ameacha mke. Yule msichana aliyeletwa kutoka Mombasa, shangazi alisema, hata hawajakaa miaka miwili. Mama Salim tulimjua sote mtaani kama mwanamke mkali. Aliwahi kumfukuza kuku wa shangazi hadi barabarani.

Siku moja baada ya matanga, jua la asubuhi likiwa limechomoza kidogo, nikasikia sauti kutoka dirishani. "Ewe mwenye kioo. Hebu kigeuze, chanipiga machoni."

Kwenye kioo nikaona uso wa msichana wa rika langu, mtandio mweupe usio na urembo wowote. "Pole," nikasema. "Sioni mahali mwangaza inaenda. Mimi niko na plasta."

"Uko na plasta? Ndiyo lugha gani hiyo?" Hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu aliyekaa kimya siku nyingi, na chochote kingemfaa. "Umefungwa plasta. Na mwangaza unakwenda, si inaenda. Wewe ndiye yule mgonjwa?"

"Na wewe ndiye yule mjane?"

Nilipolisema nikataka kulimeza. Lakini yeye aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, nikadhani nimemliza, kumbe anacheka, huku ameziba mdomo kwa mtandio kwa sababu nyumba ile ilikuwa bado ya msiba. Jina lake Zuleikha. Nilimwuliza mbona hatoki, akaniambia yuko eda: mke akifiwa hatoki, hajipambi, hajitii manukato, mpaka muda wake uishe, miezi minne na siku kumi. "Si mrefu," nikasema. Akanitazama kupitia kioo. "Kwa aliyelala mwaka," akajibu, "si mrefu."

Tangu hapo tulizungumza kila siku, asubuhi Mama Salim akiwa jikoni na alasiri shangazi akiwa sokoni. Mimi nilizungumza na kioo na yeye alizungumza na kioo, kwa hiyo nilimjua uso na mabega tu, na yeye alinijua uso na mikono. Alinisahihisha Kiswahili bila kuchoka. Nikisema hii kitu, alisema kitu hiki. Nikisema niko na njaa, alisema nina njaa, na mimi nikimwambia kwamba nikiongea hivyo Kalama watasema najivuna, alisema basi jivune, umelala, nani atakupiga? Nimefundisha Kiswahili shule za sekondari miaka zaidi ya thelathini. Wanafunzi wangu walidhani nilikipata chuoni.

Kisha Julai ikaingia, na ukungu. Wasioishi Machakos hawajui ukungu ule. Hushuka kutoka vilimani kabla ya kucha, na hukaa. Kilima changu kilipotea kwenye kioo, halafu bati la jirani likapotea, na siku nyingine hata uso wa Zuleikha ulififia nusu. Jua halikuonekana. Ndio mwezi ambao shangazi alikuwa akitenga mbegu: maharagwe yameshavunwa, yamekauka, yanachaguliwa yale mazuri ya kupanda mvua za Oktoba, yanachanganywa na jivu la jikoni na kufungwa ndani ya magunia. Akiona mikono yangu haina kazi, alianza kuniwekea ungo juu ya plasta. Kifua changu kikawa meza. Nilichagua kwa vidole, yaliyotobolewa huku, mazima kule, halafu nikayapaka jivu, na jioni mikono yangu ilikuwa imegeuka rangi hadi viwikoni.

"Mikono yako imekuwaje?" Zuleikha aliuliza. "Kama ya maiti."

Nikamwambia ni jivu.

"Basi umefanana na mwezi wenyewe. Mwezi gani huu! Kwetu Julai kuna upepo, watu wanafurahi, joto limepungua. Hapa kila kitu kijivu. Mbingu kijivu, ukuta kijivu, mimi kijivu. Wajua, nilifikiri eda itakuwa nyeusi. Nyeusi ningeiweza. Hii ya kijivu ndiyo inayonishinda, haina mwanzo wala mwisho. Ni rangi ya kitu kilichokwisha kuungua."

"Hapana," nikasema. "Jivu si la kumaliza."

"La nini basi?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Ni kitu nilichoona mama zangu wote wakifanya, kama kufagia. Nikamweleza kwamba maharagwe ukiyafunga hivi hivi, mdudu huingia, na ukifika Oktoba ukifungua gunia unakuta unga na maganda. Ukiyapaka jivu hayaguswi. Hayaoti, hayaozi, hayaliwi. "Yanakaa tu," nikasema. "Mpaka mvua."

"Yanakaa tu," akarudia. "Na wewe waona hilo ni jambo jema?"

"Mimi sijui kama ni jema. Najua hivyo ndivyo yanapona."

Hilo ndilo jibu langu mpaka leo, kwa yeyote anayetaka kujua kwa nini Julai ni kijivu. Si kwa sababu ya ukungu peke yake, wala huzuni. Ndio mwezi ambao huku kwetu chochote unachotaka kiishi unakifunika jivu na kukiacha. Lakini sitaki msomaji adhani kwamba nilipolisema nilituliwa. Nililisema, kisha nikalala nikitazama boriti, nikawaza kwamba mbegu haina habari ya kuwa ndani ya gunia, na mimi ninayo.

Siku chache baadaye alikuja dirishani akiwa na uso mwingine. "Mutheu," akasema, "nikikwambia kitu, utamwambia nani?"

"Nitamwambia boriti."

Akasema ana mimba. Ilikuwa changa wakati Twaha anakufa, hata yeye hakuijua, na sasa alikuwa na hakika. Nikampongeza. Akatikisa kichwa. Hukuelewa, alisema. Mwenye mimba eda yake haiishi kwa miezi, inaisha akijifungua. Na hata hilo angelivumilia. Lakini Salim, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameshaanza maneno: kwamba eda ikiisha amwoe yeye, awe mke wa pili, ili nyumba isivunjike. Wakijua kuna mtoto, hawatamwachia aende kokote. "Nilitaka muda ukiisha nirudi kwa mama yangu Mombasa," alisema. "Sasa nimo ndani ya nyumba, na mwingine yumo ndani yangu. Tumefungwa wawili."

Maneno ya Salim niliyasikia mwenyewe. Ua wao ulikuwa upande huo huo, na alasiri moja sauti ya kiume ilisema, polepole, bila ukali, "Mama, mimi simlazimishi. Nasema tu damu ya ndugu yangu isipotee." Hakuwa mtu mbaya. Alisema kama mtu anayepanga mahali pa kuweka kabati. Nilisikia kinu tu, Mama Salim akitwanga.

Tukaificha. Mimi, ambaye sikuweza hata kujifunika shuka, nikawa mtu wa siri. Zuleikha alishikwa na hamu ya odowa, yale mawe laini ambayo wenye mimba hutafuna, na kwao hakuwa na wa kumtuma. Nikamwomba shangazi aniletee sokoni, nikamwambia mdomo wangu hauna ladha. Alileta, huku akinung'unika kwamba mgonjwa wa mifupa anakula mawe. Niliyatia ndani ya mfuko wa kitambaa, nikanyoosha mkono juu ya kichwa, nikautundika kwenye chuma cha dirisha, naye akauvuta kwa mpini wa ufagio kupita juu ya kichochoro. Agosti ikapita hivyo, na Septemba. Alivaa mitandio mipana zaidi. Tulikuwa tukihesabu kwa sauti ya chini namna atakavyoondoka, nani atamfikisha kituo cha mabasi, na kila mpango ulikwama pale pale: hakuna aliyekuwa upande wetu mwenye miguu.

Oktoba ilianza kwa joto. Alasiri moja mlango wa sebule ukabishwa, shangazi akiwa sokoni, na nikasikia ndara zikija moja kwa moja hadi chumbani kwangu. Sikuweza kugeuka kuona ni nani. Akaja mwenyewe akasimama juu yangu: Mama Salim, sahani ya kaimati mkononi. Akavuta kigoda, akaketi karibu na kichwa changu, akanilisha kaimati moja, akasubiri nimeze. Halafu akasema, "Yule msichana wangu ana mimba. Si kweli?"

Nimewahi kukaa mbele ya wakaguzi wa shule, na mbele ya madaktari wakiwa na picha za mgongo wangu. Sijawahi kubanwa kama siku ile. Mtu anayeulizwa swali gumu hutazama pembeni, hukohoa, husimama akafunge mlango. Mimi nilikuwa uso juu, kama sahani mezani. Nikasema, "Mama, mimi huona dari tu."

Akanitazama kwa muda. Halafu akaitazama dari, kweli kweli, kana kwamba anataka kuona nilichokuwa nikikiona. "Una adabu," akasema. "Nilizaa sita. Unadhani sijui mwanamke anavyosimama? Tangu Agosti najua. Na odowa nilizikuta chini ya godoro." Akanilisha kaimati nyingine. "Mimi nililetwa hapa nikiwa mdogo kuliko yeye. Kwetu ni Lamu. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini kila mwaka alisema mwaka ujao tutakwenda. Mama yangu alikufa nikiwa hapa. Baba alikufa nikiwa hapa. Sikumwona hata mmoja akizikwa."

Nikasema pole, mama.

"Nimemwuliza shehe. Amesema mwenye hofu aweza kumalizia eda kwa mama yake. Basi aende. Nimempata jamaa yangu, mtu mzima na mkewe, wanashuka Mombasa Ijumaa. Salim nitamshughulikia mimi." Akaifuta midomo yangu kwa upindo wa leso yake, ingawa haikuwa na sukari. "Mwambie wewe. Nikimwambia mimi atadhani namtega, ajifichue. Mwambie neno moja tu kutoka kwangu: mtoto nimwone. Huyo ndiye aliyebaki wa Twaha."

Alipoondoka nilibaki na ujumbe ule kifuani, juu ya plasta, mzito kuliko ungo. Dirisha la Zuleikha lilikuwa wazi. Nilisikia akivuta kiti. Niliona wazi kabisa, kama niliyeoneshwa, yatakayokuwa siku zangu akishaondoka: boriti, muthokoi, sindano, boriti. Ijumaa ilikuwa karibu. Nikikaa kimya siku tatu tu, jamaa wale watakuwa wameshuka Mombasa bila yeye, na mimi nitakuwa na mtu wa kuzungumza naye mpaka ajifungue, Januari. Hakuna ambaye angejua. Nikamwita.

Aliponisikiliza hakuamini. Alinifanya nirudie maneno ya mkwewe yote, mpaka lile la Lamu, mpaka la baba na mama. Kisha akalia, kwa sauti, bila kuziba mdomo, na ng'ambo kule nikasikia mlango wa chumba chake ukifunguliwa na sauti ya Mama Salim ikisema, "Basi, mwanangu. Basi." Uso wa Zuleikha ukatoka kwenye kioo. Sikuwaona tena siku ile, niliwasikia tu.

Ijumaa alikuja kuniaga alfajiri. Hakuweza kuingia kwetu, maana gari lilikuwa likingoja upande wa mbele. Aliingiza mkono kati ya vyuma vya dirisha lake, nami nikanyoosha wangu juu ya kichwa kwa kadiri nilivyoweza. Vidole havikukutana. Kichochoro kilikuwa chembamba, lakini si chembamba kiasi hicho. "Sema nitarudi," akaniambia. Nikasema, "Utarudi." "Sema vizuri, usiseme kama unayekohoa." Nikasema tena. Nikasikia dirisha likifungwa, komeo likiingia.

Juma lile lile mvua zikanyesha. Shangazi akaja na watu, wakabeba magunia ya mbegu, mengine akayauza na mengine akayapeleka Kalama kwenda kupandwa, na chumba changu kikawa kitupu hadi sauti yangu ikawa ikinirudia nikikohoa. Kila mtu aliyeingia aliniambia namna nchi ilivyokuwa kijani. Shangazi aliniletea mche wa harage, wenye udongo kwenye mizizi, akaniwekea kiganjani. Nilimshukuru. Nilimchukia pia, kwa dakika chache, yeye na mche wake na miguu yake yenye matope. Novemba na Desemba ya mwaka ule ndiyo miezi ambayo sijawahi kuipatia rangi. Dirisha la kioo changu lilikuwa limefungwa. Mama Salim pekee ndiye aliyenitoa humo: alianza kuja kila Ijumaa na sahani, akaketi kwenye kigoda, akanilisha, akanisimulia habari zilizokuja kutoka Mombasa. Amenenepa. Miguu imevimba. Amejifungua, ni msichana, yuko mzima. Siku aliyoleta habari hiyo alisahau kunilisha; alikaa na kijiko mkononi, akitabasamu na boriti yangu.

Plasta ilikatwa Aprili. Sitaki kulirefusha hilo. Walinikalisha, nikazimia, wakanikalisha tena. Miguu ilikuwa imekonda kama ya ndege. Nilijifunza kutembea kwa kushika ukuta, nimevaa mkanda mgumu wa ngozi kiunoni, na kila akina mama wa kanisa walipokuja shangazi alinifanya nipite mbele yao kuchukua sukari, halafu chumvi, halafu sukari tena. Chuo kilinipa nafasi nyingine, mwaka uliofuata. Watu walisema Mungu ni mwema, nami nilisema hivyo, lakini usiku mikono yangu bado ilikuwa ikitafuta ukingo wa plasta.

Julai, ukungu ukiwa umerudi, shangazi alinikuta nikichagua mbegu, safari hii nimeketi. "Huyo wako amekuja," akasema. "Nimeona wanashusha mizigo."

Nilitoka peke yangu. Kufika upande wa mbele wa nyumba ya Mama Salim ilibidi nizunguke mtaa mzima, kwa sababu kichochoro hakipitiki, na njiani nikatambua kwamba sijui hata mlango wao una rangi gani. Nilimjua mtu wa nyumba ile kuliko dada zangu, na nyumba yenyewe nilikuwa sijawahi kuiona. Mlango ulikuwa wa buluu iliyobabuka. Nikabisha hodi. Akafungua yeye mwenyewe, mtoto begani.

Tukasimama tukitazamana kutoka kichwani hadi miguuni. Alikuwa mfupi. Alinifika begani tu. Miezi yote ile, kumbe, alikuwa akisimama juu ya kiti ili anione.

"Mutheu," akasema, "mbona wewe ni mrefu namna hii?"

"Sikujua," nikasema. "Nilikuwa nimelala."

Akanikabidhi mtoto. Nikaogopa kumwangusha, nikaegemea mlango. Nikamwuliza amekuja kutembea au vipi, akasema amekuja kukaa. Mama yake kule alimpenda sana, alimfungia ndani kwa mapenzi, hata sokoni alikuwa akimwambia usiende, utachoka. Mama Salim naye alimpelekea neno kwamba duka la Twaha limefungwa tu, funguo zake zipo, na hakuna anayemtaka aolewe na mtu. Na Salim? "Alikasirika," Zuleikha akasema, "halafu akazoea." Duka lile Zuleikha alilishika hadi uzee wake, na wengi wa Machakos walinunua leso zao kwake bila kujua alivyolipata.

Kutoka ndani Mama Salim aliita kuuliza ni nani mlangoni. Zuleikha akajibu ni mimi, na kwamba tunakwenda mpaka sokoni. "Basi mfunikeni mtoto," sauti ikasema. Akavaa buibui lake. Tukashuka barabarani taratibu, kwa mwendo wangu, naye akipunguza wake bila kuonesha kwamba anaupunguza. Ukungu ulikuwa umetufunika kila upande, hatukuona hatua kumi mbele. Watu walitokea ndani yake, wakatusalimu, wakapotea. Hakuna hata mmoja aliyetuuliza tunakwenda wapi. Tulipofika sokoni tulikuta hatuhitaji kitu chochote, tukaendelea kutembea.